Akidi ya Mrindi

Majirani zetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Husema wakicheka, nasi hatujawahi kukasirika, kwa sababu ni kweli. Kuku ni wangu, na haki haipimwi kwa kilo. Watu wa namna hiyo ndio waliomzaa Nakijwa Mchomvu, na watu wa namna hiyo ndio aliowaandikia Msaragambo, msimbo wa kutunza zamu zetu za maji. Anayetaka kuelewa yaliyotupata siku mlima ulipomeguka aanzie hapo.

Asubuhi hiyo Nakijwa alikuwa juu ya ukuta wa ndiva ya Mrindi. Ndiva ni bwawa letu la mlimani: maji ya kijito hukusanywa humo, kisha huachiwa kwa zamu yashuke mashambani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi bila kupumzika. Maji yalikuwa yamebakiza urefu wa mkono mmoja kufika ukingoni, na ukuta wa udongo na mawe uliojengwa na mababu ulianza kutoa jasho upande wa chini. Chini yake kuna kitongoji cha Mteke. Huko kuna nyumba, mashamba ya tangawizi, na mama yake Nakijwa, ambaye aliambiwa ahame akajibu kwamba ana makande jikoni.

"Ufungue mlango, mwanangu," alisema Mzee Mrutu, mwenyekiti wa ndiva. Kofia yake ya pama ilikuwa inadondosha maji mbele na nyuma. "Unangoja nini?"

"Haufunguki, Mzee. Hakuna akidi."

Alimwonyesha kioo cha mlango. Maandishi yalikuwa ya adabu, kama Nakijwa alivyoyaandika mwenyewe miaka mingi nyuma: *Wanachama ninaowasikia ni 88 kati ya 201. Akidi ni 101. Naomba radhi, siwezi kuamua.*

"Kinaomba radhi," alisema Mzee Mrutu. "Chuma kinaniomba radhi, na nyumba yangu iko pale chini."

Mlango huo zamani ulikuwa na mkono wa kuzungushia. Tuliukata wenyewe. Kila kiangazi mtu aliamka kabla ya wenzake, akauzungusha mkono, akajimwagilia, kisha akaapa barazani kwamba hakutoka kitandani. Kesi zilijaa. Basi tukakaa kikao, tukakubaliana kwa kauli moja, jambo ambalo hutokea kwetu mara moja katika kizazi, kwamba mkono ukatwe kwa msumeno na kipande kitupwe korongoni ili asiwepo Mpare wa kumwibia Mpare mwenzake. Tulishangilia siku ile. Hakuna aliyeuliza itakuwaje siku sote tutakapotaka maji yatoke.

Na kuuvunja ukuta haikuwezekana. Ukiuvunja, ndiva yote inashuka kwa mara moja, na Mteke inakwenda nayo.

*

Zamani kumbukumbu za zamu zetu zilitunzwa na kampuni moja katika jiji la mbali. Mlango ulipotaka kujua leo ni zamu ya nani, uliuliza huko. Kiangazi kimoja huko kukawa kimya. Hatukuambiwa sababu. Milango yote ya mlima ikasimama kungoja jibu, na tangawizi ikafia ardhini maji yakiwa yamejaa ndivani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi nyoka alikuwa mlangoni.

Nakijwa alikuwa masomoni wakati huo. Alirudi na wazo ambalo mwanzoni wengi waliliona la kichaa: kwa nini kumbukumbu ikae mahali? Hakujenga ghala jingine la data ili programu zote zikapige hodi. Aliandika kipande cha msimbo cha kutiwa ndani ya programu nyingine, kama chumvi inavyotiwa kwenye makande: ikishakolea huioni, lakini kila kijiko kinayo. Programu ya mizani ya maziwa ikatiwa. Ya kikaushio cha tangawizi ikatiwa, na ya mashine ya kutotolesha vifaranga, na ya kinanda cha kwaya. Kila chombo kikiendelea na kazi yake, ndani kwa ndani kilibeba sehemu ya kumbukumbu ya mlima mzima, na kikikutana na wenzake kwa mawimbi kilipashana nao habari. Ukivunja kimoja, vingine vinajua kilichokuwemo.

Kila kaya ilipewa kiti kimoja, na kaya yenyewe ilichagua kiti chake kikae katika chombo gani. Nakijwa aliitoa desturi hiyo kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzibua ndiva, ambako kila kaya lazima ije na chombo chake, na isiyokuja nacho hutozwa mbuzi. Ndiyo maana alikiita kipande hicho Msaragambo. Mama yake alimcheka. "Umeipa jina la jasho kazi isiyotoa jasho," alimwambia. Siku hizi ndiva zinazibuliwa na mashine, na pembe ya kuitia watu ilikuwa imening'inia ukutani kwa mama huyo tangu mumewe, mpiga pembe, afariki.

Na sheria ilikuwa moja: halikubaliki neno mpaka zaidi ya nusu ya viti viwe vimeliafiki. Mlima ukigawanyika vipande viwili, vipande viwili haviwezi vyote kuwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo hakuwezi kuwa na akidi mbili, wala kweli mbili. Mtoto wa shule ya msingi kwetu anakueleza hilo huku anakula muwa.

Tulijivuna nayo, na mpaka leo tunajivuna. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuuliza seva yetu iko wapi, nasi tukawaonyesha bibi mmoja anapima maziwa.

*

Kilichotokea alfajiri ile ni kwamba bega la mlima lilimeguka, likaufukia mnara wa mawasiliano na barabara. Upande wa Mrindi tulibaki kaya themanini na nane. Waliobaki walikuwa ng'ambo, upande wa ndiva ya Ikongwe, na mawimbi ya vyombo vyao hayakuweza kuuvuka mgongo wa mlima.

Mzee Mrutu alimshika Nakijwa kiwiko, akamsogeza mbali na watu waliokuwa wanapanga viroba vya udongo juu ya ukuta.

"Nasikia ipo amri ya kuzika," alisema kwa sauti ya chini.

Amri hiyo ilikuwepo. Chombo kinapokufa kabisa, kikaungua au kikasombwa, wanachama hupiga kura kukizika: jina linafutwa, na idadi ya wote inapungua. Lakini siku za mwanzo, kabla hajauamini msimbo wake, Nakijwa alijiwekea ufunguo wa kuzika peke yake, bila kura. Hakuwahi kuutumia.

"Ipo," alisema.

"Basi wazike wa ng'ambo. Wote. Tukibaki themanini na nane kati ya themanini na nane, mlango utafunguka?"

"Utafunguka."

"Sasa?"

"Mzee, hawajafa."

"Kwani nimesema wamekufa? Ni maandishi tu!"

"Mlango haujui maandishi tu. Nikiuambia wamekufa, wamekufa. Kila walichoafikiana huko tangu alfajiri kitakuwa maneno ya maiti. Zamu zao, mizani yao, vyote. Wakirudi hewani mlima hautawapokea."

"Asiyekuwapo na lake halipo," alisema Mzee Mrutu. "Wahenga walisema."

"Wahenga walisema hivyo kuhusu vikao. Hapa tunazungumza maji." Nakijwa alielekeza kidole kwenye korongo la Nkwini, lililokuwa linaunguruma chini kwenye ukungu. "Ikongwe nayo inamwaga humo humo. Korongo linabeba ndiva moja, halibebi mbili. Wao wako mia moja na kumi na tatu, akidi wanayo. Kama wameshafungua na mimi nikafungua, maji yote mawili yanakutana pale Ruvubwe. Unawajua watu wa Ruvubwe?"

Aliwajua. Dada yake aliolewa huko.

"Na kama hawajafungua?" aliuliza.

"Sijui. Ndiyo shida yenyewe, sijui."

Tuseme ukweli: Nakijwa aliogopa. Alitoa kompyuta yake chini ya koti, akaifungua, akaandika neno la kwanza la amri. Alimwona mama yake kwa mawazo, amekaa jikoni Mteke, anachochea moto. Je, mtu anaweza kumwacha mama yake asombwe kwa ajili ya hesabu? Na je, anaweza kuwaandika majirani zake wafu ili mama yake aishi?

Kioo kilileta orodha ya watakaozikwa, jina la kwanza likiwa juu: *Kaya ya Senkondo.*

Mzee Mrutu aliliona. Senkondo ndiye aliyekuwa na kesi naye tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Chanzo kilikuwa kuku kweli, jogoo mwekundu aliyekutwa amekufa mpakani. Jogoo alishasahaulika rangi yake, sasa walikuwa wanagombania mpaka, na mawakili wawili walikuwa wamezeekea humo.

"Anza na huyo," alisema Mzee Mrutu. Kisha, kama aliyeng'ata kitu kigumu, akageuza uso.

Nakijwa alifunga kompyuta.

*

Alishuka Mteke mbio kumchukua mama yake kwa nguvu ikibidi. Alimkuta mlangoni, amevaa koti la marehemu, pembe ya tandala mkononi.

"Mama, twende juu."

"Nakuja. Wenzio wamefika?"

"Wenzangu gani?"

"Wa ng'ambo. Ukuta unavuja na mlima umeanguka, na watu wa Ikongwe wamekaa nyumbani?"

"Hawajui, mama. Mawasiliano yamekatika. Nimewatafuta tangu alfajiri."

"Umewatafuta kwa mawimbi." Mama alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyesahau kutia chumvi. "Umewaita?"

Nakijwa alitaka kusema kwamba kuchimba hakutasaidia, kwamba hata wakija watu mia na majembe yao hawawezi kuuhamisha udongo uliofukia mnara kabla maji hayajafurika. Kisha akakumbuka. Kwa desturi yetu hakuna anayekuja kwenye pembe mikono mitupu. Kila kaya na chombo chake, la sivyo mbuzi. Na ndani ya chombo cha kaya ndimo alimokikalisha kiti. Yeye mwenyewe.

Viti havikuwa kwenye mnara. Havijawahi kuwa kwenye mnara. Vilikuwa ndani ya vitu, na vitu vinabebeka.

"Mama," alisema. "Piga. Piga mpaka mapafu yaishe."

Mama yake alipanda juu ya tuta akapiga. Sauti ile haikuhitaji mnara. Ilipanda mgongo wa mlima ikashuka upande wa pili, nzito, ikirudia mwito ambao vijana wengi hawakuwahi kuusikia na wazee waliinuka nao vitini. Sisi tuliokuwa Ikongwe siku hiyo tunakumbuka. Mtu hakumuuliza mwenzake kuna nini. Kila mmoja alitafuta chombo chake, kile chenye kiti cha kaya.

*

Walikuja kwa njia ya mbuzi, juu ya palipomeguka, wakishikana mikono penye utelezi. Wa kwanza kuonekana alikuwa Mama Naelijwa Kiondo, mashine ya kutotolesha vifaranga kichwani, imefunikwa kwa kanga mbili.

"Zimebaki siku chache waanguliwe," alisema akihema. "Atakayenigonga ananilipa vifaranga wote."

Kioo cha mlango kikabadilika: 89.

Watu waliokuwa kwenye viroba waliacha kazi, wakatazama. Ikaja mizani ya maziwa. Kikaja kinanda cha kwaya, kimebebwa na watu wanne kama jeneza, mwalimu wa kwaya akiwafuata na mwavuli uliofunika kinanda na kumwacha yeye analowa. Ikaja cherehani. Likaja jembe la kupimia udongo, mwenye nalo akiwa na aibu kwamba chombo chake ni chepesi. Kila mmoja alipovuka mgongo wa mlima, chombo chake kilisikika na mlango, na namba ilipanda. 94. 97. Watu walianza kuzihesabu kwa sauti, wote pamoja.

Zilipofika mia moja, njia ikawa tupu.

Maji yalikuwa yamefika kwenye safu ya kwanza ya viroba. Kisha kwenye ukungu ilisikika sauti ya mtu anayegombana na jiwe, na akatokea Senkondo, mzee mzima, mashine ya kusagia tangawizi mgongoni, imefungwa kwa kamba ya katani kifuani.

"Nani aliyechagua kitu kizito hivi?" alifoka.

"Wewe mwenyewe!" walijibu wa Ikongwe.

*101. Akidi imetimia.*

Yowe lililopigwa pale lilisikika hadi Ruvubwe, walisema baadaye. Mzee Mrutu aliukimbilia mlango. "Fungua sasa! Fungua!"

Lakini kioo kilikuwa kinaendelea kuandika. Vyombo vilivyovuka vilikuwa vimekuja na habari zao, na mlango ulikuwa unazisoma: *Ndiva ya Ikongwe iko wazi tangu alfajiri. Ruhusa yake haijaisha. Subiri.*

Nakijwa aliketi chini kwenye matope.

"Maana yake nini?" aliuliza Mzee Mrutu.

"Maana yake wamekuwa wakimwaga tangu alfajiri, Mzee. Kwa akidi yao, kwa haki kabisa. Ningewazika..." Mzee Mrutu alitazama chini korongoni, upande wa nyumba ya dada yake.

"Tulikuwa tunaifungua kwa vipindi," alisema Mama Naelijwa. "Kila kipindi kikiisha, viti vinaafiki kingine. Imeshapungua nusu."

"Hawataafiki kingine," alisema Nakijwa, akiinuka matopeni. "Akidi haiko kule tena, wamebaki mia moja tu. Imekuja hapa kwa miguu. Kipindi kikiisha, mlango wa Ikongwe utajifunga wenyewe, maana hautampata wa kuuruhusu. Tungoje."

Tulingoja muda wa kuchemsha birika la chai. Ni muda mfupi, ukiwa na chai. Wa Mrindi na wa Ikongwe walisimama bega kwa bega kwenye ukuta, wameegemeza migongo kwenye viroba, maji yakiwapita katikati ya vidole. Kijana mmoja alisema mlango uvunjwe, aupige nyundo. Mzee Mrutu, Mrutu yule yule, alimwambia anyamaze.

Kisha kule mbali, chini ya ukungu, ngurumo ya korongo ikapungua. Kioo kikaandika: *Ruhusa ya Ikongwe imekwisha. Mrindi inaomba kufungua. Waafikio: 101 kati ya 101 waliopo.*

Chuma kikalia, kikainuka, na maji yakatoka.

*

Ukuta ulisimama. Mteke ipo mpaka leo, na makande yaliyokuwa jikoni yaliliwa siku ile ile na watu wengi kuliko yalivyopikiwa.

Kabla hawajatawanyika Nakijwa alipanda juu ya kiroba. Alisema ana ufunguo wa kuwazika peke yake bila kuwauliza, na kwamba asubuhi hiyo alishaandika neno la kwanza. Aliomba wapige kura ufunguo huo ufutwe. Viti vyote viliafiki. Mama yake aliafiki kwa sauti ingawa kiti chao kilikuwa ndani ya jiko lao la kupikia, lililobaki Mteke, na hapo ndipo mtu mmoja, bila shaka Mpare, alipoinua mkono.

"Pembe ilipigwa," alisema. "Injinia amekuja na kompyuta, na kompyuta si chombo cha kaya yake. Chombo cha kaya yake kiko wapi?"

Kisha kicheko kikaanza mbele kikaenda mpaka nyuma.

"Mbuzi!" walipiga kelele.

Nakijwa alicheka huku analia. Alitoa mbuzi wiki hiyo hiyo, dume, mkubwa kuliko inavyotakiwa, na hajawahi kutoa kitu kwa fahari kama ile.

Senkondo alikuwa amekaa juu ya mashine yake, anafungua kamba kifuani. Ilikuwa imemchubua mpaka damu. Mzee Mrutu alimwendea, akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Usinishukuru," alisema Senkondo. "Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa pembe. Kesi yetu iko pale pale, Jumanne barazani."

"Najua."

"Na mpaka ni kwenye mgomba."

"Mpaka ni kwenye jiwe, na nitakushinda." Mzee Mrutu alivaa kofia yake, akaivua tena. Alikuwa anamtazama mtu ambaye asubuhi jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya maiti. Aliinama, akashika upande mmoja wa mashine ya tangawizi, akauinua. "Lakini uje, Senkondo. Jumanne usikose kuja."